Asubuhi Tuliyong'oa Ulezi wa Pito

Wiki iliyopita walikuja wawili wenu hapa kwangu Chanji. Wakanisalimia vizuri, wakabanana kwenye kiti kimoja kwa sababu kingine kilikuwa kimekaliwa na kuku anayeatamia, wakaniomba niwaandikie mambo mawili matatu kuhusu namna ya kuuanza mwaka mpya wa klabu yenu ya huduma. Walisema wamesikia kwamba klabu niliyoilea mimi, enzi nikifundisha, ilikuwa ya mfano.

Aliyewaambia hivyo simjui. Ninachojua ni kwamba mwaka wangu wa kwanza wa ulezi wa klabu tulitoka kwenda kazini kwa mara ya kwanza Jumamosi moja ya Januari, na ilipofika saa nne asubuhi tulikuwa tumeshamharibia bibi mmoja chakula chake cha mwaka mzima. Hilo ndilo nitakalowaandikia. Mengine yote ninayoyajua kuhusu kazi hii nilijifunza baada ya asubuhi ile.

Mimi kwetu ni Rufiji, nyote mnajua, kwa kuwa hata leo nikikohoa watu wanasema baridi ya Ufipa bado haijanizoea. Nilipangiwa kuja kufundisha hisabati. Nilifika juu ya lori la mzigo, nimevaa shati la mikono mifupi, na mtu wa kwanza niliyeongea naye stendi aliniuliza kama nimeibiwa koti. Sikuwa nimewahi kuuona ulezi ukiwa shambani. Nilikuwa naufahamu ukiwa unga, tena ndani ya kikombe cha uji. Wekeni hilo akilini.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa, mitumba ikamwagwa sokoni, wanafunzi wakaanza kusalimiana "mambo" na "poa" mbele ya walimu. Jambo gumu kwa klabu yetu lilikuwa neno lenyewe la kujitolea. Wazazi wengi walikuwa wamejitolea miaka na miaka kwa filimbi na orodha ya mahudhurio, na sasa walikuwa wamechoka. Baba yake Desideri, mwenyekiti wetu wa klabu, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye lori lake. Alinifuata hadi ofisi ya walimu akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, sisi tulijitolea mpaka migongo ikapinda. Huyu mwanangu mwacheni ajitolee kwangu, dukani." Nilimwomba anipe muhula mmoja. Akanipa, shingo upande.

Kwa hiyo nilitaka sana mwaka uanze vizuri. Na kwa sababu mimi ni mtu wa mitihani, nikatunga mtihani. Kila aliyetaka kuingia kwenye klabu aliandika insha: kwa nini napenda kuwahudumia wengine. Mngeziona zile insha. Kulikuwa na machozi ndani yake, kulikuwa na mishumaa inayoungua ili imulikie wengine. Desideri aliandika kurasa nne. Nikasahihisha kwa kalamu nyekundu, nikawapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Wa mwisho alikuwa Minza, msichana wa kidato cha kwanza. Wazazi wake walihamia upande wa Pito wakitokea Usukumani na ng'ombe wao, na yeye alitembea kwa miguu kila siku kuja shule. Insha yake ilikuwa na mistari miwili. "Nyumbani mtu akihitaji mkono tunampa. Sijui niongeze nini." Nilimpa alama nne kwa ishirini. Akaingia kwa sababu nafasi moja ilibaki na sikuwa na mtu mwingine wa kuijaza.

Msichague watu kwa insha. Mwenye maneno mengi na mwenye mikono mizuri anaweza kuwa mtu mmoja, lakini insha haikuonyeshi mikono.

Tulinunua fulana za mitumba. Tulitaka kijani, tukapata kijani cha kila aina, kuanzia cha mgomba hadi cha chupa, na kila moja ina maneno yake ya ugenini kifuani. Ya kwangu ilikuwa na picha ya samaki anayecheka. Tulipojipanga mstari tulionekana kama timu iliyoshonewa jezi na mafundi ishirini wasiosemezana. Watoto walizipenda kupita kiasi.

Desideri alikwenda Pito kumwona balozi wa nyumba kumi, akamwomba amtajie mtu mwenye shida. Balozi akamtaja Bibi Leokadia, mjane anayeishi peke yake, watoto wake wako mbali. Desideri akarudi mbio. Mimi nikaona tusimwambie huyo bibi lolote. Tutafika, tutampalilia shamba, akija akute kazi imekwisha. Niliona ni wazo zuri sana. Nililipata nikiwa naoga na sikumshirikisha mtu yeyote mwenye akili.

Tulifika Pito jua limeanza kupanda. Nyumba ilikuwa imefungwa, bibi hayupo. Nyuma yake kulikuwa na matuta ya ulezi mchanga, umechanganyika na magugu. Nikagawa kazi, kila mmoja tuta lake, wengine wakusanye kuni. Tukaanza kuimba na kung'oa.

Sasa, kwa wale mliokulia mjini. Ulezi ukiwa mchanga una gugu linalofanana nao kama pacha. Majani yaleyale, kijani kilekile. Tofauti iko chini, shinani: gugu shina lake ni bapa na jeupejeupe, tena lina mizizi migumu ukilivuta mpaka unakaa kitako. Ulezi wenyewe shina lake limejaa zaidi, na ukiuvuta kwenye udongo uliolowa unatoka bila ugomvi. Sisi tuling'oa kilichotoka bila ugomvi. Kilichokataa tukakiacha kwa heshima. Namkumbuka Desideri akivuta kitu kimoja kwa mikono miwili, akashindwa, akafuta jasho na kuniambia, "Mwalimu, ulezi wa huku umeshika kweli." Nikamjibu kwamba ardhi ya Ufipa ina rutuba.

Minza alinijia taratibu.

"Samahani, mwalimu. Mbona tunang'oa ulezi wenyewe tunaacha magugu?"

Nilimwangalia. Kidato cha kwanza, alama nne kwa ishirini. "Minza," nikamwambia, "kazi imeshagawanywa. Rudi kwenye tuta lako, fanya kama wenzako."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, akarudi.

Saa nne hivi tukamwona Bibi Leokadia anakuja njiani, ndoo ya unga kichwani, ametoka mashineni. Niliwapanga watoto mstari mbele ya nyumba. Yeye alipotuona alisimama. Alitua ndoo chini polepole, akajifunga kanga yake upya kiunoni, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani amekufa?"

Nilikuwa nimesahau kwamba mtu akikuta umati umesimama kwake bila taarifa, jambo la kwanza linalomjia ni msiba. Desideri akajitokeza. "Hakuna aliyekufa, Bibi. Shikamoo. Sisi ni wanafunzi, tumekuja kukusaidia."

"Marahaba. Mlijuaje kama nina shida?"

"Balozi alituambia unaishi peke yako."

"Kuishi peke yangu ndiyo shida?"

Desideri akanigeukia. Lakini bibi alikuwa ameshatupita, anakwenda nyuma ya nyumba, na sisi tukamfuata. Alisimama pembeni mwa shamba. Hakupiga kelele. Alitembea hadi kwenye lundo letu la takataka, akainama, akachukua mche mmoja, akaupangusa udongo kwa kidole gumba.

"Mwalimu ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama."

Akamtazama yule samaki anayecheka kwenye fulana yangu, kisha akanitazama mimi. "Kwenu mnakula nini?"

"Wali, mama."

"Ndiyo," akasema. "Nimeona."

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliangalia matuta, kijani kizuri kilichosimama kwa mistari, na chote kilikuwa magugu. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku nilipokosea hesabu ubaoni mbele ya mkaguzi. Msichana mmoja akaanza kulia kimyakimya, na nilijua kwa nini: wengi wetu tulikuwa na chakula cha bweni, na yule bibi alikuwa na ule ulezi tu. Mahindi yake, alituambia baadaye, yalikuwa machache mwaka ule. Alitegemea ulezi.

Bibi Leokadia alipita matuta yote moja moja. Akafika kwenye tuta la mwisho, akasimama muda mrefu. Lile lilikuwa safi, ulezi umesimama, magugu yamelazwa pembeni yakiwa yameelekezwa mizizi juu ili yakauke.

"Hili limepaliliwa na nani?"

Kisha mkono mmoja ukapanda nyuma. Minza alikuwa amerudi kwenye tuta lake kama nilivyomwamuru, na alikuwa amefanya kazi ileile aliyoijua, si niliyomwambia.

"Njoo huku, mjukuu wangu. Kwa nini hukuwaambia wenzako?"

Minza akatazama chini. Asingenitaja hata kama angepigwa fimbo, niliona hivyo usoni pake. Basi ikabidi niseme mwenyewe. Siku zile mwalimu hakumwomba mwanafunzi msamaha mbele ya watu. Ilikuwa haijasikika. Lakini nilisema. "Aliniambia mimi, mama. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Minza, nisamehe."

"Hamna shida, mwalimu," akasema kwa sauti ambayo nusu yake ilimezwa na kanga ya bibi, maana alikuwa ameshashikwa bega.

Bibi akaangalia juu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mashariki, mazito. "Mizizi bado ina maji," akasema. "Mvua iko njiani. Rudisheni."

Tukadhani hatukusikia vizuri.

"Mlivyoutoa, mtaurudisha. Huyu mtoto ndiye msimamizi. Mwalimu, wewe utachota maji. Ulezi huujui, lakini ndoo nafikiri unaweza kubeba."

Nitawaeleza jinsi ulezi unavyorudishwa ardhini, huenda siku moja mkauhitaji ujuzi huo, ingawa nawaombea msiuhitaji. Kwanza unachambua. Mche ambao mizizi yake ni myeupe na inanata, huo ni mzima. Uliokunjamana unawekewa mbuzi. Unatoboa shimo kwa kijiti, kina cha vidole viwili, unashusha mche ukiwa umesimama, unabana udongo kwa ngumi mbili kuzunguka shina, unamwagia maji kidogo, kisha unaufunika kwa majani makavu kama unayemfunika mtoto asipate jua. Minza alitembea kati ya mistari akisema, "Bana zaidi. Huo umekaa upande. Huo ni gugu, Desideri, utoe." Na Desideri wa kurasa nne akautoa.

Mimi nilipanda na kushuka kijitoni na ndoo mpaka mapaja yakatetemeka. Saa nane mvua ikaanza, ile ya Ufipa isiyo na haraka. Nilidhani watoto watakimbilia barazani. Hakuna aliyekimbia. Walipiga magoti kwenye tope, zile kijani zao zote zikawa rangi moja, mtu akaanza wimbo, bibi akaudakia kwa Kifipa akausahihisha, na sisi tukaimba alivyotufundisha. Nikiwa nimesimama pale na ndoo yangu, nimelowa hadi mifupa, nilijikuta nacheka. Nilikuwa na furaha ambayo sikustahili.

Tulipomaliza tukakumbuka kosa jingine: hatukubeba chakula. Bibi Leokadia akasonga ugali kwa unga ule aliotoka kuusaga, akatulisha kwa makundi, sahani zikipokezana. Tuliomharibia shamba ndio tuliommalizia na unga. Kuanzia siku ile sijawahi kutoka na wanafunzi bila unga wetu, maharage yetu na sufuria yetu, na nawaagiza nanyi mfanye hivyo.

Tulipokuwa tunakula akaniuliza, "Sasa mwalimu, mlitaka kunisaidia nini hasa?"

"Kupalilia, mama."

"Kupalilia naweza. Nimepalilia tangu kabla hujazaliwa. Nisichoweza ni kuvuka." Akaonyesha kijito kwa kidole. Masika kilijaa, na gogo la kuvukia lilisombwa na maji mwaka uliotangulia. Vijana waliruka. Yeye, kwa goti lake, alizunguka njia ndefu kwenda mashineni na kanisani, karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nimekivuka kijito kile kwa kuruka asubuhi na sikuwa nimefikiria lolote.

Jumatatu habari ilitutangulia shuleni. Mkuu wa shule aliniita. Alikuwa mtu mwenye haki lakini asiyependa kelele, na kelele zilikuwa zimeanza. Mzazi mmoja alikuwa ameshauliza kama shule inafundisha watoto kuharibu mazao. "Mwalimu Rajabu," akasema, "klabu isitoke tena mpaka tujue ule ulezi umepona au umekufa. Ukifa, nitaifunga, na shule itabidi imlishe yule mama."

Kwa hiyo tukasubiri. Minza alipita kwa bibi kila asubuhi akija shule, na kabla ya kengele alizungukwa na klabu nzima.

"Vipi?"

"Umelala."

Siku ya pili: "Umelala." Siku ya tatu: "Majani ya chini yamekuwa ya njano." Desideri aliacha kula vizuri. Mimi darasani niliandika jibu la swali kabla ya swali. Siku ya nne mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi Minza alichelewa. Tulikuwa mstarini tayari, mkuu wa shule anatoa matangazo, tukamwona anaingia getini, viatu mkononi, miguu tope tupu. Alipaswa kusimama nje asubiri adhabu. Mkuu akakatisha matangazo, akamtazama.

"Haya, wewe," akasema mkuu. "Vipi?"

"Umesimama, mwalimu."

Sijui ni nani aliyeanza kupiga makofi. Shule nzima ilipiga, hata wasiojua ulezi ni nini.

Haukupona wote, nisiwadanganye. Matuta manne yalikufa kabisa, na pale bibi akatutuma tupande maboga. Lakini uliobaki ulitosha, na kabla muhula haujaisha tulikuwa tumelaza magogo matatu ya mikaratusi juu ya kijito, tumeyafunga na kuyatia kishikio cha mkono upande mmoja kwa ajili ya goti. Magogo yaliletwa na lori la baba yake Desideri. Alikuja mwenyewe kuliendesha. Alisema amekuja kuona ni mahali gani mwanawe alijifunza kuamka saa kumi na moja bila kuitwa. Bibi Leokadia akamkaribisha, akampa jembe. Nilimwona yule mfanyabiashara amevua viatu, anachimba ngazi kwenye ukingo, na hakuna aliyekuwa amempigia filimbi.

Januari iliyofuata sikutunga insha. Nilimwomba mkuu wa shule tumwalike bibi siku ya kuwakaribisha kidato cha kwanza, aseme maneno mawili kuhusu klabu. Nadhani mkuu alitarajia shukrani. Alikuwa ameandaa na jibu la shukrani, nililiona kwenye karatasi.

Bibi Leokadia alisimama mbele ya shule nzima, akajishika kwenye meza.

"Watoto hawa waliniharibia ulezi," akasema. "Wakarudi. Wengine huharibu wakaenda zao, hawa walirudi, mpaka nikachoka kuwapikia. Anayetaka kufanya kazi na hawa ajiandikishe. Ila ukija kwangu, piga hodi kwanza, uniulize." Akakaa.

Mkuu alikunja karatasi yake. Watoto wapya walikuwa wameshaanza kupanga foleni kwenye meza ambapo Minza, sasa katibu wa klabu, alikaa na daftari. Foleni ilifika jikoni ikakunja kona. Nilikuwa nashughulika kuinyoosha nilipomwona bibi ameinuka, amejiunga nayo mwishoni, anasogea hatua kwa hatua na watoto wa miaka kumi na minne. Kila aliyetaka kumpisha alimkatalia.

Akafika mezani. Minza akainuka, akamshikia mkono.

"Bibi, umechoka? Nikuletee kiti?"

"Niandike."

Minza akanitazama. Nikamwashiria aandike. Akaandika jina, kisha kalamu ikasita kwenye safu ya pili. "Kidato gani, Bibi?"

Bibi Leokadia akageuka, akaitazama ile foleni ya wageni waliovaa sare mpya zinazowapwaya.

"Cha kwanza," akasema. "Nianze na wenzangu."